Je, Mchoro wa Zamani Waweza Kuvunja Hataza Mpya?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Sumbawanga na Ufipa. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani pamoja na mwalimu.

Kaeni vizuri, na kila mmoja awe na kalamu yake na daftari, maana leo tutachora kidogo.

Somo letu ni juu ya michoro na sheria. Labda mtu atauliza, "Mimi ni mkulima wa mahindi na maharagwe. Sheria ya michoro yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu yangu. Katika mji wa Sumbawanga na vijiji vyake kuna mafundi wengi. Wako wanaotengeneza mikokoteni, wako wanaofua majembe, na wako wanaounda mashine za kupukuchulia mahindi. Fundi akibuni kitu kipya, aweza kuomba haki juu ya kitu hicho. Lakini pia aweza kuja mtu mwingine akasema, "Kitu hiki ni changu kwa sheria. Acheni kukitengeneza." Siku hiyo, mchoro mmoja wa zamani waweza kuokoa kazi ya fundi, au waweza kumharibia fundi maombi yake mwenyewe. Basi inafaa tujue mambo haya kabla siku hiyo haijafika.

1. MANENO YA LEO

Andikeni maneno manne.

HATAZA. Hii ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali. Wengine huiita pateni. Mwenye hataza aweza kuwazuia watu wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda wa miaka iliyowekwa na sheria. Muda ukiisha, kitu kinakuwa cha watu wote. Naye kwa upande wake lazima aeleze wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, ili watu wajifunze.

DAI. Haya ni maneno katika hati ya hataza yanayosema hasa kitu gani ni cha mvumbuzi. Dai ni kama mpaka wa shamba. Ndani ya mpaka ni kwake, nje ya mpaka si kwake.

MAARIFA YALIYOTANGULIA. Hivi ni vitu vyote vilivyokwisha kujulikana kwa watu kabla ya siku ya kupeleka maombi ya hataza.

UPYA. Kitu ni kipya kama hakimo katika maarifa yaliyotangulia. Kitu kisicho kipya hakistahili hataza.

Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na usajili unafanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Kadhalika nchi yetu ni mwanachama wa shirika la nchi za Afrika la mambo haya, liitwalo ARIPO, ambalo makao yake yako Harare, Zimbabwe. Shirika hilo hufuata Itifaki ya Harare ya mwaka 1982.

Msidhani hataza ni mambo ya mitambo mikubwa tu. Huko Kenya watu waligombana mahakamani juu ya hataza ya ARIPO ya pipa la taka linalofunguliwa kwa kukanyaga mguu. Kesi ya Sanitam na Rentokil ilifika Mahakama ya Rufani, ikaamuliwa mwaka 2006. Pipa tu, ndugu zangu, nalo likafika kwa majaji.

2. JE, MCHORO NI USHAHIDI?

Sasa tuje kwenye swali letu. Tuseme mtu ameomba hataza leo. Je, mchoro wa zamani, mchoro mtupu usio na maelezo, waweza kumwambia, "Umechelewa, kitu hiki si kipya"?

Jibu ni ndiyo, waweza. Itifaki ya Harare inasema wazi kwamba vitu vilivyotolewa kwa watu mahali popote duniani kwa maandishi vinahesabiwa, na katika maandishi hayo inataja michoro na picha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inasema vivyo hivyo. Sababu yake si ngumu. Fundi hajifunzi kwa maneno peke yake. Mara nyingi fundi hutazama mchoro mmoja akaelewa kuliko kusoma kurasa kumi. Kama mchoro unafundisha, basi ni maarifa.

Lakini si kila mchoro unatosha. Mchoro lazima upite katika milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni TAREHE. Mchoro lazima uwe umetoka kabla ya siku ya maombi ya hataza. Ukitoka siku moja baadaye, haufai kwa kazi hii.

Mlango wa pili ni WATU. Mchoro lazima uwe umefika mahali ambapo watu wangeweza kuuona. Mchoro ulio katika daftari, na daftari liko sandukuni chini ya kitanda, haujatoka kwa watu. Lakini mchoro uliochapwa katika kitabu, au uliobandikwa ukutani sokoni, au uliowekwa katika mtandao wa simu ambapo kila mtu hutazama, huo umetoka. Si lazima watu wengi wawe wameuona. Yatosha kwamba mtu yeyote aliyetaka angeweza kuuona bila kufungwa na ahadi ya siri.

Mlango wa tatu ni KUONYESHA YOTE. Mchoro mmoja lazima uonyeshe kila kitu kilichotajwa katika dai, na uonyeshe wazi hata fundi wa kazi hiyo aweze kukielewa na kukitengeneza. Mlango huu ndio mwembamba, na hapa ndipo mabishano mengi yanapotokea. Tuutazame kwa mfano.

3. MFANO WA MASHINE YA KUPANDIA

Chukueni daftari zenu. Tuseme mtu ameomba hataza, na dai lake linasema hivi: "Mashine ya kupandia inayokokotwa na maksai, yenye (a) sanduku la mbegu, (b) sahani yenye matundu ndani ya sanduku, inayozungushwa na gurudumu, (c) ulimi wa chuma unaofungua mfereji, na (d) mnyororo unaoburuzwa nyuma ili kufukia mbegu."

Hesabuni vitu. Ni vinne: a, b, c, d.

Sasa tuseme kimeonekana kijitabu cha wakulima kilichochapwa miaka mingi kabla ya maombi hayo. Ndani yake kuna mchoro wa mashine ya kupandia.

Hali ya kwanza. Mchoro unaonyesha sanduku lililokatwa upande ili sahani ionekane, na matundu yake, na gurudumu linaloizungusha, na ulimi, na mnyororo. Hakuna neno hata moja chini yake. Je, dai ni jipya? Si jipya. Vitu vyote vinne vimo katika mchoro mmoja, na fundi yeyote wa plau akiutazama anaelewa. Mchoro umelivunja dai.

Hali ya pili. Mchoro unaonyesha sanduku kwa nje tu. Limefunikwa. Ulimi unaonekana, mnyororo unaonekana, lakini sahani haionekani. Hapa mchoro haulivunji dai kwa upande wa upya. Mtu aweza kusema, "Lakini ndani lazima kuna sahani!" Je, ni lazima kweli? Mbegu zaweza kudondoka kwa njia nyingine, hata kwa mkono wa mtu anayefuata nyuma. Jambo lisiloonekana katika mchoro linahesabiwa tu kama halina budi kuwamo. Kukisia hakutoshi.

Hali ya tatu. Kijitabu kimoja kinaonyesha a, c na d. Kijitabu kingine kinaonyesha sahani, yaani b. Je, tuunganishe michoro miwili? Kwa swali la upya, hapana. Mchoro mmoja lazima uwe na yote. Lakini msilie mapema. Sheria ina swali lingine: je, jambo hili lingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida? Kama fundi wa kawaida angeona ni jambo jepesi kuunganisha vitabu hivyo viwili, hataza yaweza kukataliwa kwa sababu hiyo ya pili. Kwa hiyo milango ni miwili, na mchoro usiopita mmoja waweza kupita mwingine.

Hali ya nne. Mwombaji anabadili dai lake na kusema, "Sahani yenye matundu ya upana wa milimita 12." Mchoro wa zamani unaonyesha matundu, lakini hauna kipimo. Je, twaweza kuchukua rula na kupima karatasi? Hapana. Mchoro wa namna hii haukuchorwa kwa vipimo kamili, nao hauthibitishi milimita. Bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliamua hivyo katika shauri T 204/83: umbo linaloonekana katika mchoro linahesabiwa kama fundi aweza kujifunza kitu kwalo, lakini vipimo vilivyopatikana kwa kupima mchoro vivi hivi havihesabiwi. Mahakama ya Marekani nayo ilisema mwaka 2000, katika kesi ya Hockerson-Halberstadt na Avia juu ya viatu vya michezo, kwamba michoro ya hataza haitegemewi kwa vipimo kama maandishi hayasemi lolote. Lakini kama mchoraji ameandika "mm 12" kando ya tundu, basi hicho ni kipimo, na dai limevunjika.

Kumbukeni na jambo hili. Kitu kimoja chavunja dai pana, lakini dai pana halivunji kitu kimoja. Mtu akidai "kifaa chochote cha kufukia mbegu", mchoro wa mnyororo wamvunja, kwa sababu mnyororo ni kifaa cha kufukia. Lakini mchoro wenye neno "kifaa cha kufukia" tu, bila kuonyesha kifaa gani, haumvunji mtu anayedai mnyororo.

4. MALUNGU YA UFIPA

Sasa turudi nyumbani. Nyote mmesikia habari za malungu, yaani matanuru marefu ya udongo ambayo wahunzi wa Ufipa waliyatumia hapo kale kuyeyusha mawe ya chuma. Mengine yalifika kimo cha mita 3 na zaidi. Chini yalikuwa na matundu, na hewa iliingia yenyewe kwa nguvu ya moto uliopanda juu, bila mivuo. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivuo ilikotumika. Jembe la Mfipa lilitoka humo. Kazi hiyo ilikwisha kuachwa wakati majembe ya madukani yalipoenea, lakini mabaki ya malungu yamesimama mpaka sasa katika sehemu kadha wa kadha za Ufipa.

Habari hizi zilichapwa zamani. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa makala juu ya kuyeyusha chuma katika Ufipa. Baadaye watafiti wengine waliyapima malungu, wakayachora na kuyapiga picha.

Tuseme kesho atokee mtu, wa hapa au wa nchi za mbali, aombe hataza ya "tanuru refu la udongo la kuyeyushia chuma, lenye matundu chini, linalovuta hewa lenyewe bila mivuo". Je, ni kipya? Hata kidogo. Mchoro mmoja wa ilungu uliochapwa, wenye kuonyesha umbo lake na matundu yake na njia ya hewa, watosha kumrudisha nyumbani. Tena siyo mchoro tu. Kitu kilichotumiwa hadharani nacho ni maarifa yaliyotangulia, na malungu yalitumiwa mbele ya watu kwa vizazi vingi.

Lakini tutumie akili. Tuseme dai linahusu namna ya kupanga makaa na mawe ndani ya tanuru, tabaka kwa tabaka. Mchoro wa nje hauonyeshi tabaka. Basi mchoro huo peke yake haulivunji dai hilo. Itabidi kutafuta maandishi, au mchoro uliokatwa wa kuonyesha ndani. Na wahunzi walikuwa na dawa zao katika kikapu, ambazo hazikuonyeshwa kwa kila mtu. Jambo lililowekwa siri halikutoka kwa watu, hata kama ni la zamani sana.

Hapa kuna fundisho kubwa kwetu. Ujuzi wa wazee usiochorwa wala kuandikwa ni vigumu kuuthibitisha mbele ya msajili aliye mbali. Mzee anajua, kijiji kinajua, lakini msajili wa Harare hajui. Ukichorwa vizuri na kuchapwa pamoja na tarehe, unakuwa ukuta. Ndiyo maana nasema kwamba kusoma na kuandika, na kuchora pia, ni kulinda mali.

5. MIFANO YA NCHI ZA NJE

Uingereza ilikuwako kesi ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga. Kampuni moja ilikuwa na hataza, na maombi ya kwanza yalipelekwa Marekani mwaka 1968. Wapinzani wake walileta vitu viwili. Kwanza, kijana aitwaye Peter Chilvers, ambaye mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 12, alijitengenezea ubao wenye tanga akauchezea hadharani katika kisiwa cha Hayling. Pili, makala ya Newman Darby yenye michoro, iliyochapwa katika jarida la Popular Science mwezi wa Agosti 1965. Mahakama ya Rufani ilisema, katika hukumu iliyochapwa mwaka 1985, kwamba ubao wa yule kijana ulikwisha kuondoa upya. Tanga la Darby lilikuwa la umbo jingine, kwa hiyo makala yake haikuwa na yote. Lakini fundi aliyeisoma angeona mabadiliko yaliyobaki ni jambo dhahiri. Hataza ikaanguka kwa njia zote mbili. Mtoto wa miaka 12 na gazeti la kununuliwa dukani viliishinda kampuni.

Mfano mwingine ni wa Kuwait, nchi ya Ghuba. Mwaka 1964 meli iitwayo Al-Kuwait ilizama bandarini ikiwa na kondoo wengi. Mdenmark mmoja, Karl Krøyer, aliiinua kwa kujaza ndani yake mamilioni ya vipira vyepesi vya plastiki. Lakini mwaka 1949 kilikuwa kimechapwa kitabu cha picha za watoto cha Carl Barks, ambamo bata Donald na wapwa zake wanainua chombo kilichozama kwa kukijaza vipira vya mchezo wa meza. Watu husimulia kwamba ofisi ya Uholanzi ilimnyima Krøyer hataza kwa sababu ya picha hizo. Hakuna hati iliyotolewa ya kuthibitisha hivyo, na nchi nyingine zilimpa hataza, kwa hiyo tusiichukue kama hukumu. Lakini kanuni iliyo ndani yake ni ya kweli. Sheria haiulizi kama kitabu ni cha watoto au cha wahandisi. Yauliza: kilitoka lini, kiliwafikia watu, na kinaonyesha nini?

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, wewe uliyebuni kitu. Usitoe mchoro wako kwa watu kabla ya kupeleka maombi. Mchoro wako mwenyewe wahesabiwa dhidi yako. Ukiubandika dukani leo, ukaomba hataza baada ya mwaka mmoja, msajili aweza kukuambia, "Kitu hiki kimekwisha kujulikana," nawe ndiwe uliyekijulisha. Itifaki ya Harare yasamehe kitu kilichoonyeshwa katika maonyesho rasmi, kama maombi yamepelekwa kabla ya miezi 6 kupita. Lakini huo ni mlango mdogo, usiutegemee. Peleka maombi kwanza, ndipo uende kwenye maonyesho ya Nane Nane. Ukitaka ushauri wa ofisi ya SIDO au wa mwanasheria, omba ahadi ya siri iandikwe na kutiwa sahihi kabla hujakunjua karatasi.

Pili, wewe ambaye hutaki hataza. Hataza ina gharama, na si kila kitu kinastahili gharama hiyo. Labda unataka tu watu wote wa kijiji waendelee kutumia kitu chako, asije mtu akawazuia. Basi fanya kinyume. Uchore wote, nje na ndani. Andika majina ya sehemu na vipimo vyake. Tia tarehe. Kisha uuchapishe mahali ambapo watu wanaweza kuuona na ambapo tarehe inathibitika, kama vile jarida, kijitabu au maktaba. Tangu hapo hakuna awezaye kudai kwamba yeye ndiye wa kwanza.

Tatu, wewe unayeambiwa, "Acha, hii ni hataza yangu." Usigombane, wala usifunge karakana yako kwa hofu. Uliza nambari ya hataza, na tarehe ya maombi, na kama inatumika Tanzania. Hataza ya nchi nyingine tu haina nguvu hapa. Soma dai, uhesabu vitu vyake kama tulivyohesabu a, b, c, d. Kisha tafuta vitabu vya zamani, michoro ya vyuo vya ufundi, na picha zenye tarehe. Ukipata mchoro unaopita milango yote mitatu, uchukue kwa mwanasheria. Mahakama yaweza kuifuta hataza iliyotolewa kwa kitu kisicho kipya.

7. TUKUMBUKE

Mchoro wa zamani waweza kuvunja dai jipya, hata bila maneno. Lakini lazima uwe umetangulia kwa tarehe, uwe umewafikia watu, na uonyeshe wazi kila kitu kilichomo katika dai. Umbo linaloonekana linahesabiwa. Kipimo kisichoandikwa hakihesabiwi. Kilichofichwa hakihesabiwi, ila kama hakina budi kuwamo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Fundi ameweka mchoro wa mkokoteni wake ukutani mwa duka mwaka jana. Leo anaomba hataza. Je, kuna hatari gani?

2. Mchoro wa zamani unaonyesha pampu ya maji kwa nje tu. Dai jipya linahusu vali iliyo ndani. Je, mchoro unalivunja dai? Toeni sababu.

3. Michoro miwili, kila mmoja una nusu ya vitu vya dai. Je, twaweza kuiunganisha kwa swali la upya? Na kwa swali la mambo yaliyo dhahiri?

4. Kila mmoja achore chombo kimoja cha kazi kinachotumika nyumbani kwake. Aonyeshe nje na ndani, aandike majina ya sehemu na vipimo, kisha atie tarehe. Mpe jirani yako mchoro wako. Kama jirani aweza kukitengeneza chombo hicho bila kukuuliza neno, mchoro wako umefundisha.

Kazi ya swali la nne iletwe darasani juma lijalo. Kwaherini.